Mjomba Anasema Nitakufa Njaa: Je, Nisomee Superkondakta?

SWALI: "Profesa, pokea salamu kutoka Tororo. Nilimaliza shahada ya uhandisi wa umeme kwa daraja la pili la juu, na sasa nafanya kazi kwa mkandarasi anayekarabati transfoma. Tangu mwaka wa tatu chuoni nimevutiwa na superkondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote. Nikiona jinsi umeme unavyopotea njiani hapa kwetu, najiambia kwamba dawa ni hii, na kwamba niisomee hadi shahada ya uzamivu niwe mtafiti. Lakini mjomba wangu, aliyenilipia karo tangu sekondari, anasema nikifuata njia hiyo nitakufa njaa. Anataka nisomee umeme wa jua. Mwenzangu kazini naye anasema nimechelewa, kwa sababu mwaka 2023 Wakorea walishagundua superkondakta isiyohitaji baridi, na tena kazi hii ni ya wanafizikia wenye vichwa vya ajabu, si ya fundi wa transfoma. Uganda hatuna hata maabara moja ya namna hiyo. Je, naota mchana? Nifanye nini?"

JIBU: Mwanangu, salamu zimefika. Unaniuliza mambo mawili kwa mkupuo: kama kazi hii ipo na inamlisha mtu, na kama wewe, kutoka hapo ulipo, unaweza kuifikia. Kwa yote mawili jibu langu ni ndiyo. Ila sababu unayoitoa ya kuingia humo si sahihi, na nisipoirekebisha mapema itakuja kukuvunja moyo ukiwa mbali na nyumbani, mwaka wa pili wa uzamivu, wakati hakuna wa kukubembeleza. Basi nianze na hiyo.

Umeme wa Uganda haupotei hasa kwa kuwa shaba na alumini zina ukinzani. Mwaka 2005, usambazaji ulipokabidhiwa kampuni binafsi, zaidi ya theluthi moja ya umeme ulioingia kwenye mtandao wa usambazaji ulikuwa unapotea. Ndani ya hesabu hiyo kulikuwa na mita zilizochezewa, nyaya zilizounganishwa usiku na wale tunaowaita kamyufu, transfoma zilizobebeshwa mzigo kupita uwezo wake, na laini za msongo mdogo zilizovutwa mbali kupita kiasi. Katika miaka iliyofuata upotevu huo ulishuka kwa zaidi ya nusu, na hakuna fizikia mpya iliyohusika. Zilihusika mita za kulipia kabla, transfoma mpya, misako na kazi ya watu kama wewe. Transfoma unayoirudisha kazini leo inaokoa umeme mwingi kuliko superkondakta yoyote ingeweza kuokoa mahali hapo.

Utasema: sawa, hayo ni ya usambazaji, je laini kubwa za kutoka mabwawani? Tufanye hesabu, maana wewe ni mhandisi na hesabu itakutuliza kuliko maneno yangu. Chukua laini ya kilovolti 400 yenye saketi mbili, ndefu kilomita 250, inayobeba megawati 600. Bwawa la Karuma lina uwezo wa megawati 600, na laini ya kutoka huko hadi Kawanda ina urefu wa karibu kiasi hicho, kwa hiyo mfano huu hauko mbali na hali yetu. Kila saketi inabeba megawati 300, sawa na ampea 433 hivi kwa kila fezi. Ukichukua ukinzani wa omu 0.02 kwa kilomita, utapata omu 5 kwa fezi, na upotevu wa megawati 2.8 kwa kila saketi. Jumla ni megawati 5.6. Hiyo haifiki hata asilimia 1 ya umeme uliosafirishwa.

Sasa weka kebo ya superkondakta badala yake. Lazima ilale ndani ya bomba la kuta mbili lenye ombwe katikati, na nitrojeni kimiminika ipite humo ikiwa kwenye nyuzi karibu 196 chini ya sifuri. Hata bomba zuri huvujisha joto kuingia ndani. Tuseme ni wati 1.5 kwa kila mita. Kwa kilomita 250 hizo ni kilowati 375 za joto, na joto hilo lazima litolewe mchana na usiku. Kanuni za joto zinasema kutoa wati 1 kutoka kwenye baridi hiyo na kuitupa nje kunahitaji wati karibu 3 za umeme hata kwa mashine kamilifu. Mashine halisi hula wati 10 hadi 20. Ukichukua 15, unahitaji megawati 5.6 za kupozea tu. Umetumia mabilioni, na umerudi pale pale. Halafu fikiria usiku, mzigo ukiwa nusu: upotevu wa laini ya kawaida unashuka hadi robo, megawati 1.4, kwa kuwa unafuata mraba wa mkondo. Mtambo wa kupoza haujali mzigo ni mkubwa au mdogo, unaendelea kula kiasi kile kile.

Na kuna jambo ambalo vitabu vya utangulizi hulipita haraka. Ukinzani wa sifuri ni wa mkondo nyoofu tu. Kwa mkondo geu, uga sumaku unaingia na kutoka ndani ya superkondakta kila mzunguko, na kila mara unaacha joto kidogo. Joto hilo limezaliwa mahali penye baridi, kwa hiyo kila wati yake inalipiwa mara 15 kwenye mtambo wa kupoza. Sehemu kubwa ya utafiti wa kebo na transfoma za superkondakta ni vita dhidi ya wati hizo chache.

Haya yote hayamaanishi kwamba kebo hizi hazina kazi. Mwaka 2014, katika mji wa Essen, Ujerumani, ilianza kutumika kebo yenye urefu wa karibu kilomita 1, ya kilovolti 10 na megavolti-ampea 40. Ilichukua nafasi ambayo vinginevyo ingehitaji kebo ya kilovolti 110 pamoja na transfoma kubwa katikati ya mji, mahali ambapo kiwanja ni adimu na ghali. Faida yake ni kubeba umeme mwingi kwenye mtaro mwembamba kwa msongo mdogo. Kampala itakapojaa kiasi kwamba hakuna pa kuweka sabusteshoni, tutazungumza tena. Kwa leo, mtu akikuambia kwamba superkondakta zitaondoa mgao wa umeme Uganda, muombe akuonyeshe hesabu ya kupoza.

Sasa tuingie ndani ya waya wenyewe, maana hapo ndipo ilipo kazi unayoiulizia.

Mwaka 1911, kule Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wasaidizi wake walipima zebaki iliyopozwa kwa heliamu kimiminika, wakaona ukinzani wake unatoweka ghafla kwenye nyuzi 269 hivi chini ya sifuri. Onnes hakuwa mtu wa nadharia tupu. Miaka miwili baadaye alikuwa tayari anazungumzia kujenga sumaku ya tesla 10 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga sumaku) kwa koili za namna hiyo. Alikatishwa tamaa na koili yenyewe: risasi, metali aliyoitegemea, inapoteza hali yake ya superkondakta ikiwa ndani ya uga usiofika hata sehemu moja ya kumi ya tesla. Hapo ndipo ilipoanza kueleweka kwamba superkondakta ina mipaka mitatu, joto, uga sumaku na mkondo, na kwamba mipaka hiyo inategemeana. Ukiisogeza karibu na mmoja, mingine miwili inabana.

Ilichukua nusu karne kuvuka hapo. Mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza kwa nini elektroni hushikana jozi na kupita bila kizuizi, na maelezo yao yaliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1972. Lakini nadharia hiyo haikutoa waya. Waya ulianza kuonekana mwaka 1961, wakati Kunzler na wenzake wa maabara ya Bell Labs, Marekani, walipoonyesha kwamba mchanganyiko wa niobi na bati unabeba zaidi ya ampea 100,000 kwa sentimita ya mraba hata ndani ya uga wa tesla 8.8. Wengi hawakutarajia.

Kwa nini niobi-bati iliweza na risasi ikashindwa? Kuna superkondakta zinazoufukuza uga sumaku wote hadi zinashindwa kwa mara moja, na kuna nyingine zinazouruhusu uingie ndani kwa njia ya mirija myembamba mno, kila mmoja umezungukwa na mkondo wake mdogo. Kundi hili la pili ndilo linalotengeneza sumaku za maana. Ila mkondo mkubwa ukipita, unaisukuma mirija hiyo kando. Ikianza kutembea, volti inajitokeza, joto linazaliwa, na sifa yote ya waya inapotea. Kwa hiyo lazima ifungwe, kama mfugaji anavyofunga ng'ombe kwa vigingi: kamba ikishika, hata ukimsukuma habanduki, na msukumo ukizidi nguvu ya vigingi, kundi lote linatawanyika. Vigingi vya waya ni kasoro ndogo ndani ya metali. Kwenye niobi-titani, aina inayotumika zaidi kuliko zote, vigingi ni tabaka za titani zenye unene wa nanomita chache, zinazopatikana kwa kuvuta waya, kuupasha joto, kuuvuta tena, na kurudia hatua hizo kwa mpangilio maalumu. Waya safi usio na dosari hauna thamani yoyote kwa mjenzi wa sumaku. Anaoutaka yeye ni waya ulioharibiwa kwa ustadi, na kujifunza ustadi huo ni kazi ya maisha.

Ona basi kwamba maneno ya mwenzako, kwamba haya ni ya vichwa vya ajabu vya fizikia, hayana msingi. Wanafizikia tunawahitaji, na utalazimika kujua fizikia yao kiasi cha kutosha. Lakini taaluma tunayoiita superkondakta tumizi ni uhandisi wa metali, wa baridi, wa mitambo na wa umeme. Niobi-bati ikishapikwa inavunjika kama kauri, kwa hiyo koili lazima zisukwe kwanza ndipo zipikwe. Koili ikibeba mkondo, nguvu za sumaku zinajaribu kuipasua. Sehemu ndogo ikipata joto kwa sababu yoyote, ukinzani unarudi pale, joto linaongezeka, na nishati yote ya sumaku inataka kutokea hapo hapo. Hali hiyo tunaiita kwenchi. Kuigundua mapema na kuiondoa nishati kabla koili haijayeyuka ni somo zima linalojitegemea.

Ukitaka ushahidi, soma habari za tarehe 19 Septemba 2008 kwenye mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe wa CERN, maabara ya Ulaya karibu na Geneva, mtambo wenye mzingo wa kilomita 27 na sumaku kuu 1,232 za niobi-titani. Siku chache baada ya kuwashwa, kiungo kimoja cha nyaya kati ya sumaku mbili kilishindwa kikiwa na mkondo wa maelfu ya ampea. Cheche ya umeme ikatoboa chombo cha heliamu, tani za heliamu zikamwagika, makumi ya sumaku yakaharibika, na kazi ikasimama zaidi ya mwaka mmoja. Chanzo kilikuwa kiungo! Wewe unayekagua viungo vya transfoma kila wiki unajua kiungo kibaya kinavyofanana na kizuri kwa macho. Usikubali mtu akuambie kwamba ujuzi huo ni wa chini.

Kuhusu Wakorea, jibu ni fupi. Julai 2023 kikundi cha Korea Kusini kilitangaza kitu kiitwacho LK-99, mchanganyiko wenye risasi, shaba, fosforasi na oksijeni, kikidai ni superkondakta kwenye joto la kawaida. Ndani ya wiki chache maabara za nchi mbalimbali zilikuwa zimekitengeneza na kukipima. Mshuko wa ghafla wa ukinzani ulitokana na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo hubadili umbo lake la ndani kwenye nyuzi 104 hivi. Fuwele safi ya kitu chenyewe ilionekana ni kihami, haipitishi umeme. Kwa hiyo hujachelewa. Na hata kingepatikana kesho, bado kingehitaji vigingi, waya mrefu, viungo na ulinzi. Mwaka 1986 Bednorz na Müller waligundua superkondakta za kauri, na mwaka uliofuata ikapatikana ile inayofanya kazi kwenye nyuzi 180 chini ya sifuri, joto ambalo nitrojeni inatosha kulifikia. Dunia nzima ilishangilia. Ilipita takriban miaka 20 kabla ya tepe ndefu za kauri hiyo, yaani nyaya bapa kama utepe, kuanza kuuzwa, kwa kuwa unga unaovunjika hauwi waya kwa kushangiliwa.

Ndiyo maana maisha ya mtafiti wa fani hii ni marefu na ya subira. Mtazame David Larbalestier, mmoja wa wahandisi wa metali wanaoheshimika zaidi katika kazi hii. Alisoma London, akafika Chuo Kikuu cha Wisconsin katika miaka ya 1970, na huko yeye na wenzake wakachunguza kwa miaka mingi namna ya kupanga zile tabaka za titani ndani ya niobi-titani. Mteja mkubwa waliyekuwa wakimlenga katika miaka ya 1980 alikuwa mtambo wa kugonganisha chembe wa Texas uliopangwa kuwa na mzingo wa kilomita 87. Oktoba 1993 Bunge la Marekani likaukata. Fikiria uchungu huo. Lakini maarifa ya waya hayakukatwa pamoja na bajeti; niobi-titani iliyoboreshwa enzi hizo ilikuwa na soko kwenye mashine za hospitali, na mtambo wa CERN nao ukajengwa kwa waya wa aina hiyo hiyo. Mwaka 2006 kikundi chake kilihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, mjini Tallahassee, kwenye maabara ya taifa ya sumaku kali, na mwaka 2017 maabara hiyo ikafikisha tesla 32 kwa sumaku ya superkondakta tupu, koili zake za ndani zikiwa za tepe za kauri. Ukihesabu tangu Onnes alipoota tesla 10, ni zaidi ya miaka mia moja ya watu kupokezana.

Siku za kawaida za kazi hii hazina picha za kuvutia. Utatafuta uvujaji wa ombwe kwa wiki nzima. Utaandika maombi ya fedha na mengi yatakataliwa. Utapima kipande kile kile tena kwa sababu volti unayoitafuta ni ndogo kuliko kelele ya nyaya zako. Mimi naipenda kazi hiyo kwa dhati. Furaha ninayoipata mwanafunzi anapoleta mchoro wa kwanza usio na shaka siwezi kuibadilisha na cheo chochote. Lakini mtu anayetaka matokeo kila baada ya miezi mitatu asije huku, atateseka.

Tuje kwenye Uganda na maabara. Unasema hakuna kitu. Nakubali kwamba hatuna kiwanda cha heliamu kimiminika kwa utafiti wala mashine ya kusukia tepe. Lakini baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri ipo, na inasafiri hadi vijijini. Kituo cha taifa cha rasilimali za kijeni za mifugo, NAGRC&DB, pale Entebbe, kinatengeneza nitrojeni kimiminika kwa ajili ya kuhifadhi mbegu za madume. Mtaalamu wa uhimilishaji unayemwona kwenye bodaboda huko Kiruhura au Mbarara, mtungi umefungwa nyuma, amebeba baridi ile ile inayohitajika kuamsha tepe ya superkondakta. Nashangaa kwamba wanafunzi wetu wa uhandisi hawajaiona fursa hiyo, na sitaacha kuwakumbusha.

Kwa nitrojeni hiyo unaweza kufanya kipimo cha kwanza kabisa cha fani, yaani mkondo wa kikomo. Unahitaji kipande kifupi cha tepe ya kauri, upana wa milimita 4, ambayo bei yake ni makumi ya dola kwa mita. Chanzo cha mkondo nyoofu cha ampea mia mbili hivi. Na kipimavolti chenye usikivu wa mikrovolti. Nyaya mbili zinaingiza mkondo, nyingine mbili zinapima volti katikati. Kwa makubaliano ya kimataifa, mkondo wa kikomo ni ule unaoleta mikrovolti 1 kwa kila sentimita. Utakachokiona kitakushangaza. Volti inakaa kimya, kisha inapaa, kwa kuwa inafuata mkondo uliopandishwa kipeo cha 20 hadi 40. Kipeo kikiwa 30, ukiongeza mkondo kwa asilimia 10 tu, volti inaongezeka mara 17. Kwa hiyo simamisha mkondo mapema, la sivyo tepe inaungua mbele yako.

Upande wa pili ni hesabu kwa kompyuta. Programu huria kama GetDP inaweza kukokotoa upotevu wa mkondo geu ndani ya tepe na koili, na watafiti wa fani hii huchapisha mifano yao wazi ili wengine waijaribu. Hicho ni kitu unachoweza kukianza Tororo jioni baada ya kazi. Mwombaji wa uzamivu anayekuja na hesabu yake mwenyewe ya upotevu wa tepe, iliyolinganishwa na matokeo yaliyochapishwa, anasomwa kwa makini hata kama chuo chake hakina mtungi mmoja wa heliamu. Nimekaa kwenye kamati za kuchagua waombaji. Naijua tofauti inayoletwa na kurasa tano za kazi ya mkono wako.

Na kuna mahali pa tatu, ambapo mjomba wako atapasikiliza zaidi: hospitali. Mashine za MRI, zile zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ndizo soko kubwa kuliko yote la superkondakta duniani. Ndani ya mashine ya kawaida ya tesla 1.5 kuna koili za niobi-titani zilizozama kwenye heliamu, kwa mashine nyingi ni zaidi ya lita 1,000. Mkondo uliingizwa siku ya kufungwa na unazunguka humo bila chanzo, kwa hiyo umeme wa Kampala ukikatika sumaku haizimiki. Watu wengi hawalijui hilo na ni hatari, kwa sababu mtungi wa oksijeni wa chuma utarukia mashine hata gizani. Kinachozimika ni mtambo wa kupoza. Hapo heliamu inaanza kuchemka taratibu, na kukatika kwa umeme kukiwa kwa muda mrefu, gharama ni kubwa. Uganda ina mashine hizi na zitaongezeka. Wanaoelewa baridi yake, ombwe lake na kwenchi yake ni wachache mno. Mbarara na Makerere kuna mafunzo ya uhandisi wa tiba, na mhandisi wa umeme anayeongeza ujuzi wa baridi kali juu yake hatakufa njaa.

Sasa nikushauri waziwazi. Usiache kazi mwaka huu. Mwenye shahada ya kwanza asiye na uzoefu wa utafiti akiomba moja kwa moja, hushindana na watu walioshika sampuli tayari. Jipe mwaka mmoja au miwili: imarisha milinganyo ya Maxwell na fizikia ya yabisi, fanya hesabu za tepe nilizotaja, na tafuta shahada ya pili hapa nyumbani yenye mada ya mifumo ya umeme ambamo unaweza kuingiza kidhibiti cha mkondo wa hitilafu cha superkondakta, yaani kifaa kinachobana mkondo mkubwa unaozuka laini ikipata hitilafu. Wasimamizi wetu wataikubali mada hiyo kwa sababu inagusa gridi, na wewe utapata mlango. Endelea pia na njia ya kusajiliwa kuwa mhandisi kupitia UIPE, chama cha wahandisi wa Uganda, na bodi ya usajili, maana usajili huo unabaki wako hata mipango mingine ikichelewa. Kisha omba uzamivu: Tallahassee, Cambridge, Twente kule Uholanzi, Karlsruhe kule Ujerumani, Taasisi ya Robinson kule Wellington, New Zealand. Huko huchukua miaka mitatu hadi sita kutegemea nchi. Katika fani yetu nafasi ya uzamivu ya kweli huja na posho au mshahara. Yeyote anayekudai wewe fedha ili "akupatie nafasi" ni tapeli, hata akiwa na ofisi nzuri mjini.

Sitakuficha upande mgumu. Nafasi za kazi duniani ni chache ukilinganisha na umeme wa jua, na nyingi ziko mbali na hapa. Makampuni ya nishati ya myungano wa atomi yameongeza mahitaji ya tepe na ya wahandisi, hasa tangu sumaku ya tesla 20 ilipojaribiwa Massachusetts mwaka 2021, lakini mitaji ya namna hiyo huja na kuondoka. Ukirudi Uganda na shahada yako, hutakuta kiti kimekusubiri. Utafundisha mashine za umeme na mifumo ya nguvu kama sisi wengine, na utafiti wako utaujenga kipande kwa kipande pamoja na washirika wa nje. Kuna wanaobaki huko, na siwalaumu. Kama moyo wako hasa unataka kuona nyumba za Tororo zikiwaka miaka kumi ijayo, basi mjomba ana haki: umeme wa jua na usambazaji bora vitakufikisha huko haraka zaidi, na hiyo si kazi ya daraja la pili. Kama kinachokukosesha usingizi ni ule waya wenyewe, njoo.

Kwa mjomba, nenda mwenyewe, usimpigie simu. Amekulipia karo, anastahili kukaa nawe na kuiona hesabu. Mwambie hujaacha kazi, humwombi shilingi ya uzamivu, na kwamba njia hii inapitia hospitali na gridi kabla ya kufika kwenye sumaku za CERN. Ukiona mazungumzo yanakuwa magumu, mwombe mzee mwingine wa ukoo awepo.

Kuna mambo mawili ambayo usiyafanye kwa kusoma maandishi yangu tu. La kwanza ni nitrojeni. Lita 1 ya kimiminika hugeuka takriban lita 700 za gesi, na gesi hiyo inasukuma oksijeni nje bila harufu wala dalili. Usiisafirishe kwenye gari lililofungwa madirisha, usiimimine kwenye chumba kidogo, na usiifunge kamwe kwenye chupa au thamosi yenye kifuniko cha kukaza, kwani italipuka. Kabla ya kuigusa, kaa siku nzima na mtaalamu wa uhimilishaji au na fundi wa maabara anayeitumia, uvae miwani na glavu zake, uone anavyofanya. La pili ni uamuzi wa kuacha kazi au kukopa fedha kwa ajili ya safari. Ukifika hapo, mwone mhadhiri wa idara ya fizikia au ya uhandisi wa umeme ana kwa ana, ukiwa na alama zako, barua ya chuo inayosema nani analipa nini, na zile kurasa tano za hesabu. Barua ikikosa jina la msimamizi na kiasi cha posho, mwonyeshe hivyo hivyo kabla hujaijibu.